Barua pepe ukiwa safarini: Fungua popote, lakini funga mlango

MFANYABIASHARA wa mazao anayesafiri hubeba vitu vingi: daftari la mahesabu, kitabu cha risiti, vitambulisho, simu na fedha za njiani. Kitu kimoja ambacho kwa kawaida hakibebi ni kompyuta ya ofisini au ya nyumbani aliyozoea kusomea barua pepe zake. Hata hivyo, mnunuzi hasubiri arudi. Oda inaweza kuingia akiwa Namanga, benki inaweza kuuliza swali akiwa Tunduma, na ofisa wa mpakani anaweza kudai nakala ya cheti ambacho kimehifadhiwa kwenye barua iliyotumwa wiki mbili zilizopita.

Kwa bahati nzuri, barua hizo hazifungwi na kompyuta moja. Ukiwa na anwani yako ya barua pepe na neno la siri, unaweza kukaa mbele ya kompyuta yoyote yenye intaneti, iwe ya steshenari, ya hoteli, ya ofisi ya chama cha ushirika au ya rafiki. Unafungua kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, Firefox au Edge, na unasoma barua zako zote kama vile uko nyumbani.

Faida hiyo ina upande wa pili. Kompyuta uliyofungulia barua zako, mtu mwingine ataikalia dakika tano baadaye. Akizikuta ziko wazi, ataona oda zako, bei zako, majina ya wateja wako na namba ya akaunti yako ya benki. Makala haya yanaeleza namna ya kutumia barua pepe kwa njia ya kivinjari unapokuwa mbali na kompyuta yako, na namna ya kuhakikisha kuwa malipo ya mazao yako hayaishii kwenye mfuko wa mtu mwingine.

Barua zinakaa wapi?

Watu wengi hudhani kuwa barua pepe zimo ndani ya kompyuta au simu wanayosomea. Sivyo. Barua zimo kwenye kompyuta kubwa za kampuni inayotoa huduma hiyo, ambazo huitwa seva. Mkulima wa korosho au ufuta anayeuza kwa mfumo wa stakabadhi ghalani ataelewa jambo hili haraka: mzigo uko ghalani, yeye mkononi ana karatasi inayothibitisha kuwa mzigo ni wake. Kwenye barua pepe, seva ndiyo ghala na neno la siri ndiyo stakabadhi. Tofauti ni kwamba mlinzi wa ghala hili hakujui kwa sura. Yeyote anayeonyesha stakabadhi anafunguliwa.

Huduma hizi si mpya. Hotmail ilianzishwa Marekani Julai 4, 1996 na Sabeer Bhatia na Jack Smith, na ilikuwa miongoni mwa huduma za kwanza za bure za kusoma barua kupitia kivinjari. Kampuni ya Microsoft iliinunua mwishoni mwa mwaka 1997, mwaka ambao Yahoo nayo ilianzisha huduma yake. Gmail ya Google ilifuata Aprili 1, 2004, ikitoa nafasi ya gigabaiti 1 wakati Hotmail ilikuwa ikitoa megabaiti 2 tu. Wasomaji waliokuwa mijini miaka hiyo wanakumbuka vibanda vya intaneti vilivyotoza kwa dakika, na mwendo wa kobe wa mawasiliano ya setilaiti kabla ya mkonga wa baharini wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009. Leo Hotmail inaitwa Outlook.com, na sehemu kubwa ya vibanda vile imekuwa steshenari za kuchapa na kutoa nakala. Utaratibu wa kufungua barua, hata hivyo, ni uleule.

Wapo pia wafanyabiashara wenye anwani za kampuni zao wenyewe, zile zinazoishia na jina la biashara badala ya gmail au yahoo. Hawa nao wanaweza kusoma barua kwa kivinjari, kwani kampuni zinazohifadhi tovuti huwa na ukurasa maalumu wa kazi hiyo, mara nyingi kwa kutumia programu iitwayo Roundcube. Tatizo ni kwamba wengi hawajui anwani ya ukurasa huo, kwa sababu fundi aliwatengenezea kila kitu kwenye kompyuta ya ofisini na wao hubonyeza tu alama. Kabla hujasafiri, muulize fundi anwani hiyo na uiandike kwenye daftari.

Kuna jambo jingine la kumuuliza. Baadhi ya kompyuta za ofisini, zinazotumia programu kama Outlook au Thunderbird, zimewekwa katika utaratibu wa zamani uitwao POP. Kompyuta inachukua barua kutoka kwenye seva na inaweza kuzifuta huko. Ukifika Mutukula na kufungua kivinjari utakuta kikasha kitupu, si kwa sababu umeibiwa, bali kwa sababu barua zote zimehamia kwenye kompyuta iliyobaki Bukoba. Dawa ni kumwomba fundi aweke utaratibu wa IMAP, unaoacha barua kwenye seva, au aiamuru programu iache nakala huko. Kazi hiyo ni ya muda mfupi, lakini lazima ifanyike kabla ya safari.

Simu ipo, kompyuta ya nini?

Msomaji anaweza kuuliza: wakati huu wa simu janja na WhatsApp, kuna haja gani ya kuhangaika na kompyuta za watu? Jibu ni kwamba pale ambapo simu yako mwenyewe inatosha, itumie. Ni salama kuliko kompyuta yoyote ya kuazima.

Lakini simu huishiwa chaji, huibiwa stendi na huanguka kwenye maji. Zipo pia kazi ambazo kioo cha simu hakizimudu vizuri, kama kujaza jedwali la bei, kulinganisha ankara mbili au kusoma mkataba wa kurasa kumi. Zaidi ya hayo, biashara ya kuvuka mpaka bado inakwenda kwa karatasi. Ankara, cheti cha afya ya mimea na cheti cha uasili wa bidhaa vitahitaji kuchapwa, na mashine ya kuchapa iko steshenari.

Wala barua pepe haijapitwa na wakati. WhatsApp ni nzuri kwa kupatana bei, lakini makubaliano yenye fedha nyingi, nyaraka za benki na mawasiliano na wanunuzi wa nje bado hupitia barua pepe, kwa sababu inaacha kumbukumbu yenye tarehe, saa na viambatanisho. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa mfanyabiashara wa leo, kikasha cha barua pepe ni sehemu ya daftari hilo.

Maandalizi kabla ya kuondoka

Matatizo mengi ya barua pepe safarini hutokana na mambo ambayo hayakufanyika nyumbani. Yapo manne ya kushughulikia mapema.

Kwanza, hakikisha unalijua neno lako la siri. Kompyuta yako na simu yako zimelikumbuka kwa niaba yako kwa miaka mingi, kiasi kwamba wewe umelisahau. Jaribu kuliandika kwa mkono ukiwa bado nyumbani. Likikataa, libadilishe hapo hapo. Chagua neno refu, kwa mfano maneno manne yasiyohusiana, na usitumie neno hilohilo kwenye huduma nyingine. Kampuni ya Yahoo ilikiri mwaka 2017 kwamba uvamizi uliotokea mwaka 2013 uligusa akaunti zake zote, zipatazo bilioni 3. Aliyetumia neno moja kwa Yahoo na kwa huduma nyingine alijiweka kwenye hatari ya kupoteza zote mbili.

Pili, jiandae kwa uthibitishaji wa hatua mbili. Huu ni utaratibu ambao baada ya kuandika neno la siri, huduma inataka uthibitisho wa pili, kwa kawaida namba inayotumwa kwenye simu yako au swali linalotokea kwenye kioo cha simu. Ni kinga nzuri kuliko zote na kila mwenye biashara anapaswa kuiwasha. Lakini fikiria uko Nakonde, upande wa Zambia, laini yako haijaunganishwa na huduma ya kutumika nje ya nchi, na ujumbe wenye namba hauingii. Au simu imeibiwa, na laini mpya hupati mpaka urudi nyumbani kwa wakala uweke alama za vidole. Neno la siri unalo, kompyuta ipo, lakini mlango haufunguki.

Ufumbuzi upo. Google hukuruhusu kutoa orodha ya namba 10 za akiba, kila moja yenye tarakimu nane. Kila namba hutumika mara moja tu, na haihitaji simu wala mtandao wa simu. Ziandike kwenye karatasi, uiweke mbali na simu, kwa mfano kwenye mkoba wa vitambulisho. Usiandike anwani yako wala neno la siri kwenye karatasi hiyo, ili atakayeiokota asijue ni za mlango gani. Huduma nyingine pia zina njia zao za akiba, ambazo utazikuta kwenye mipangilio ya usalama.

Sambamba na hilo, angalia namba ya simu uliyosajili kwa ajili ya kurudisha akaunti. Watu wengi wamebadilisha laini mara kadhaa tangu walipofungua barua pepe. Laini iliyoachwa kwa muda mrefu hufungwa na namba yake inaweza kupewa mteja mwingine. Namba ya mtu usiyemjua isiwe ufunguo wa akiba wa ghala lako.

Tatu, angalia kama kikasha kina nafasi. Gmail ya bure ina gigabaiti 15, lakini nafasi hiyo ni ya barua, mafaili na picha kwa pamoja. Simu nyingi hupeleka nakala za picha na video huko bila mwenyewe kujua, na nafasi ikijaa, barua mpya haziingii. Mnunuzi anatuma oda, inamrudia, naye anahitimisha kuwa umeacha biashara. Kumbuka pia kwamba tangu Desemba 2023 Google ilianza kufuta akaunti ambazo hazijatumika kwa miaka miwili. Akaunti iliyofunguliwa kwa ajili ya kusajili biashara na kuachwa inaweza isiwepo siku utakapoihitaji.

Nne, fungua anwani ya safari. Mfanyabiashara mzoefu hapandi basi na fedha zake zote. Hubeba za njiani, nyingine zikabaki benki. Fanya hivyo hivyo kwa barua pepe. Fungua anwani ya pili ya bure, na kabla ya kuondoka jitumie huko nyaraka za safari hiyo tu: ankara, vyeti, anwani za wateja utakaowatembelea. Kwenye kompyuta usiyoiamini fungua anwani hiyo pekee. Hata ikivamiwa, mwizi atakuta nyaraka za safari moja, si kumbukumbu za biashara yako yote.

Ukikaa kwenye kompyuta ya watu

Yeyote aliyewahi kutumia kompyuta ya steshenari anajua inavyokuwa. Unafungua ukurasa wa Gmail na badala ya kuulizwa neno la siri, unakutana na barua za mteja aliyetangulia. Alichapa cheti chake, akalipa, akaondoka akidhani kufunga dirisha kunatosha. Hakutoshi. Kompyuta inaendelea kumtambua mpaka atoke rasmi.

Kabla ya kuandika chochote, fungua dirisha la faragha. Kwenye Chrome na Edge bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na N; kwenye Firefox ni Ctrl, Shift na P. Dirisha hili halihifadhi historia ya kurasa ulizofungua, na ukishafunga madirisha yote ya aina hiyo, kompyuta inasahau kuwa uliingia. Lina mipaka yake, kwani haliwezi kuzuia programu ya wizi iliyofichwa ndani ya kompyuta kurekodi vitufe unavyobonyeza. Ndiyo maana uthibitishaji wa hatua mbili ni muhimu: anayepata neno la siri peke yake bado anakwama kwenye hatua ya pili.

Andika mwenyewe anwani ya ukurasa kwenye sehemu ya juu ya kivinjari. Kwa Gmail ni mail.google.com, kwa Yahoo ni mail.yahoo.com na kwa Outlook ni outlook.com. Usitafute kwa maneno kisha ukabonyeza jibu la kwanza, na usifuate kiungo kilichomo kwenye ujumbe, kwa sababu matapeli hutengeneza kurasa zinazofanana kabisa na zile halisi. Alama ya kufuli iliyoonekana kwenye vivinjari kwa miaka mingi iliwapotosha wengi. Ilimaanisha tu kuwa mawasiliano kati yako na tovuti yamefichwa, na tovuti ya tapeli nayo inaweza kuwa na kufuli.

Kompyuta ikikuuliza kama ihifadhi neno la siri, kataa. Huduma ikikuuliza kama isikuulize tena hatua ya pili kwenye kompyuta hiyo, kataa pia, maana ukikubali umeondoa kinga yako mwenyewe.

Faili lolote utakalopakua linabaki kwenye kompyuta hata baada ya kutoka, na dirisha la faragha haliliondoi. Ukishachapa, nenda kwenye sehemu ya mafaili yaliyopakuliwa, lifute, kisha lifute tena kwenye pipa la taka. Kama unachohitaji ni kuchapa karatasi moja tu na simu yako ina mtandao, ni afadhali kutuma waraka huo kutoka kwenye simu kwenda kwenye anwani ya steshenari kuliko kufungua kikasha chako chote hapo. Lakini nakala ya kitambulisho au ya taarifa ya benki usiiache. Msimamie mhudumu mpaka aifute.

Mwisho, toka rasmi. Bonyeza picha au herufi iliyo kwenye kona ya juu, chagua maneno ya kutoka, ambayo kwenye kompyuta nyingi yameandikwa "Sign out", subiri ukurasa ukuonyeshe kuwa umetoka, kisha funga madirisha yote. Fanya hivyo hata kama basi linapiga honi.

Tahadhari kama hiyo inahusu simu ya kuazima. Rafiki akikupa simu yake usome barua, usiongeze akaunti yako kwenye programu ya barua ya simu hiyo. Ukifanya hivyo, simu inaitunza akaunti na kuendelea kupokea barua zako hata baada ya kuirudisha. Tumia kivinjari chake katika dirisha la faragha, kisha toka.

Jinsi malipo yanavyopotea

Pengine msomaji anajiuliza ni nani atakayesumbuka kuiba barua za muuza vitunguu. Jibu ni kwamba mwizi hazitaki barua. Anataka kuwa katikati ya muuzaji na mnunuzi siku ya malipo.

Akishaingia kwenye kikasha, mara nyingi habadilishi chochote. Anaweka kwenye mipangilio amri ya kupeleka nakala ya kila barua kwenye anwani yake, kisha anasubiri. Anasoma jinsi unavyoandika, unavyomsalimia mteja, tarehe za kupakia na masharti ya malipo. Malipo yanapokaribia, anamwandikia mnunuzi kwa kutumia anwani yako mwenyewe, au anwani inayotofautiana na yako kwa herufi moja. Anasema akaunti ya zamani ina matatizo, hivyo fedha zitumwe kwenye akaunti nyingine. Ili usishtuke, anaweka amri nyingine kwamba majibu ya mnunuzi yaende moja kwa moja kwenye taka.

Utapeli wa aina hii si wa kubahatisha. Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, liliripoti kuwa kwa mwaka 2023 hasara iliyolalamikiwa kwake kutokana na utapeli wa barua pepe za biashara ilizidi dola bilioni 2.9. Biashara ndogo haina kinga kwa sababu ya udogo wake. Kinachotofautiana ni uwezo wa kubeba hasara.

Tuchukue mfano wa mahesabu. Tuseme mfanyabiashara amepeleka Nairobi tani 10 za vitunguu, zilizopimwa kwa kilo na si kwa lumbesa. Amenunua kwa wakulima kwa Sh 900 kwa kilo, jumla Sh 9,000,000. Amelipa Sh 3,000,000 taslimu, na Sh 6,000,000 zilizobaki ni mali kauli, atawalipa wakulima akirudi. Usafiri na ushuru vimemgharimu Sh 1,500,000. Anauza kwa Sh 1,200 kwa kilo, jumla Sh 12,000,000, ambapo mnunuzi alitanguliza asilimia 30, yaani Sh 3,600,000. Mambo yakienda sawa, faida yake ni Sh 1,500,000.

Sasa tuseme zile Sh 8,400,000 zilizobaki zimeingia kwenye akaunti ya tapeli. Mnunuzi ana risiti ya benki na barua iliyomwelekeza wapi alipe, na kwa upande wake deni limekwisha. Mzigo umeshafika na vitunguu vimeshaingia sokoni. Ili kufidia fedha hizo, mfanyabiashara anahitaji safari karibu sita zenye faida kama ile. Nyumbani wapo wakulima wanaosubiri Sh 6,000,000 zao wanunue mbegu za msimu unaofuata. Hao hawajui neno la siri ni nini, lakini ndio watakaochelewa kupanda.

Kinga ya tatizo hili haihitaji utaalamu wa kompyuta. Kubaliana na kila mnunuzi, mwanzoni kabisa mwa biashara, kwamba namba ya akaunti haibadiliki kwa barua pepe wala kwa ujumbe wa simu. Ikibidi ibadilike, mtazungumza kwa sauti, kwa namba ya simu mliyokuwa nayo tangu zamani na si ile iliyoandikwa kwenye barua ya mabadiliko. Andika sharti hilo kwenye kila ankara. Nawe ukiwa mnunuzi wa pembejeo au vipuri kutoka mbali, fuata sharti hilohilo kabla ya kulipa.

Ukihisi umeacha mlango wazi

Ikitokea umeshapanda gari na huna uhakika kama ulitoka, usisubiri kufika. Kwa kutumia simu yako au kompyuta nyingine unaweza kujifungia ukiwa mbali. Kwenye akaunti ya Google ipo orodha ya vifaa vyote vilivyoingia. Chagua usichokitambua, ukiondoe. Ukifungua Gmail kwenye kompyuta, chini kabisa ya ukurasa upande wa kulia kuna maelezo ya mara ya mwisho akaunti kutumika, na ukiyafungua utapata kitufe cha kutoka kwenye sehemu nyingine zote. Huduma nyingine kubwa nazo zina orodha za namna hiyo kwenye sehemu ya usalama.

Baada ya hapo badilisha neno la siri, lakini usiishie hapo. Fungua mipangilio na ukague mambo matatu: kama kuna anwani usiyoijua inayopelekewa nakala za barua, kama kuna vichujio vinavyotupa au kuficha barua fulani, na kama namba ya simu au anwani ya kurudisha akaunti imebadilishwa. Wengi hubadilisha neno la siri na kuacha amri ya mwizi ikiendelea kufanya kazi. Angalia pia barua zilizotumwa na zilizotupwa, uone kama kuna ambazo hukuziandika.

Kama fedha zimeshatumwa kwenye akaunti isiyo yako, kila saa ina thamani. Mpigie mnunuzi simu ili benki yake iombe malipo yazuiwe au yarudishwe, na uijulishe benki yako. Toa taarifa polisi upate namba ya RB, kwani kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Usifute barua hata moja, maana hizo ndizo ushahidi. Kisha wajulishe wateja wako wengine wote, hata kama ni aibu, kwa sababu tapeli aliyesoma kikasha chako anawajua wote.

Gharama ni muda tu

Kwa macho ya kiuchumi, barua pepe inayofunguka popote ni kati ya nyenzo za bei rahisi kabisa alizonazo mfanyabiashara mdogo. Anwani ni ya bure na kompyuta ya steshenari hukodiwa kwa fedha kidogo. Kwa mwenye nyanya zinazoiva ndani ya lori, kupata waraka dakika kumi baada ya kudaiwa badala ya kesho yake ni tofauti kati ya faida na hasara.

Kinga yake nayo haihitaji fedha, inahitaji muda. Tenga saa moja kabla ya msimu huu wa mavuno kuanza: jaribu neno la siri kwa mkono, washa uthibitishaji wa hatua mbili, andika namba za akiba kwenye karatasi, hakiki namba ya simu iliyosajiliwa, fungua anwani ya safari, na wapigie wanunuzi wako mkubaliane juu ya namba ya akaunti. Kama ni chama cha wakulima, msiache anwani na neno la siri vijulikane na katibu peke yake, wala visijulikane na kila mtu. Wateueni wawili, na viandikwe ndani ya bahasha iliyofungwa, itunzwe kwenye kasha la chama pamoja na kitabu cha benki.

Ukifanya hivyo, siku mnunuzi atakapouliza waraka ukiwa mpakani, utakaa kwenye kompyuta ya kwanza utakayoikuta, utaupata, utauchapa na utatoka rasmi. Atakayekalia kiti hicho baada yako atakuta ukurasa unaomtaka aandike neno lake mwenyewe la siri.